Ardhi Iliyoitwa Tupu

Mwezi wa tatu mwaka huu baba alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Kwetu Kinangop mtu hupigiwa simu saa hiyo kwa sababu mbili tu: kuna aliyefariki, au kuna pesa. Safari hii ilikuwa pesa. Baba alikuwa amepata mtu wa kukodi kile kipande cha chini kando ya mto, ekari moja na kidogo, ambacho hakijawahi kulimwa tangu shamba liwe letu. Jamaa anataka kupanda waru mvua ndefu ikianza, halafu kabeji. Anatoa shilingi 18,000 kwa msimu, taslimu, na trekta analeta yeye.

"Hiyo nyasi inakaa tu bure tangu cucu yako atuache," baba akasema. "Wewe unaonaje?"

Mimi huulizwa mambo ya udongo kwa sababu nilisoma baiolojia chuo kikuu kwa miaka miwili na nusu, mpaka karo ikaisha na hamu ikaisha, sikumbuki ipi ilitangulia. Nyumbani bado naitwa daktari wa mimea, nusu heshima, nusu matani. Nilimwambia baba anipe wiki moja. Nilidhani nitaitumia kusoma kuhusu udongo. Nikajikuta nasoma mikataba, sheria za ardhi na orodha za magonjwa ya mimea, kwa sababu lile neno "bure" lilinikwama kooni. Nilikuwa nimeshakutana nalo mahali, na si kwa baba.

Lilikuwa kwenye historia ya mwaka 1902. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Ziwa Victoria mwisho wa mwaka uliotangulia, ikiwa imemeza pesa nyingi za walipa kodi wa Uingereza, na sasa alitafutwa mtu wa kuzirudisha. Jibu likawa walowezi. Sheria ya Ardhi za Taji ya 1902 ilimpa kamishna uwezo wa kuuza na kukodisha ardhi ambayo haikuwa na mwenyeji anayeikalia. Na kukalia ardhi, kwa macho ya sheria ile, kulimaanisha nyumba na shamba. Mahali ambapo watu hupita na ng'ombe, wakaondoka, wakarudi baada ya miezi, palihesabiwa kuwa patupu.

Kamishna mwenyewe alikuwa Sir Charles Eliot, msomi wa Oxford, mjuzi wa lugha nyingi. Ana jambo moja ambalo halitajwi sana kwenye masomo yetu ya historia: alikuwa bingwa wa konokono wa baharini wasio na gamba. Wale wadudu laini wenye rangi za kanga, ambao hata mvuvi hawatazami mara mbili, Eliot aliwachunguza mmoja mmoja, wakiwemo wa Zanzibar na pwani yetu, akawaandikia makala za kisayansi na kuwapa majina. Alikuwa na jicho la kutofautisha konokono wawili wanaofanana kama mapacha. Jicho lilelile lilipanda treni mpaka nyanda za juu, likatazama nyasi, likaona hakuna kitu.

Naibu wake, Frederick Jackson, alikuwa mtu wa ndege. Mwaka 1904 Jackson alimweleza kisayansi kwa mara ya kwanza ndege mdogo wa nyasi za nyanda za juu, mwenye mgongo wa kahawia wenye michirizi, kifua cha manjano, na ukucha wa nyuma mrefu ajabu. Akamwita Macronyx sharpei. Ndege huyu hapatikani nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya, na Kinangop ni mojawapo ya ngome zake za mwisho. Anahitaji nyasi fupi zenye mashungi hapa na pale, mahali pa kujificha na kujenga kiota. Ukilima, anaondoka. Kwa hiyo mwaka 1904 serikali ilikuwa na maafisa waliojua konokono na waliojua ndege. Agosti mwaka huohuo serikali hiyohiyo iliwekeana mkataba na Wamaasai, Eliot akiwa ameshajiuzulu na nafasi yake kuchukuliwa na Sir Donald Stewart. Wamaasai wakaondolewa kwenye malisho ya Bonde la Ufa, wengine kwenda Laikipia, wengine kusini. Mkataba uliahidi kudumu kwa muda wote ambao Wamaasai watakuwepo kama taifa. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 wakaambiwa waondoke na Laikipia pia.

Ndani ya mkataba ule wa 1904 kuna kifungu ambacho nilikisoma mara tatu. Kinasema kwamba kwenye miteremko ya Kinangop litengwe eneo lisilopungua maili tano za mraba, ambapo Wamaasai wataweza kufanyia sherehe zao za tohara. Karatasi inayowahamisha inakiri yenyewe kwamba hapa palikuwa na kitu ambacho watu wangekirudia hata wakifukuzwa. Mpaka leo majina ya huku yana Kimaa ndani yake, Ol Kalou, Ol Joro Orok, na sisi Wakikuyu tunayatamka kana kwamba babu zetu ndio waliyatunga.

Sasa, kabla sijafika kwa walowezi na kwa guka yangu, lazima niseme kilichokuwa chini ya zile nyasi.

Kwa Kiswahili tuna kuvu na tuna uyoga, na watu wengi hudhani ni vitu viwili tofauti, kimoja cha mkate uliooza, kingine cha mboga. Uyoga ni kama embe. Kuvu ndiyo mwembe, ila mwembe wenyewe umezikwa, na badala ya matawi una nyuzi nyembamba kuliko unywele. Chota kijiko cha udongo kwenye nyasi ambazo hazijalimwa: nyuzi zilizo ndani yake, ukiziunganisha kichwa kwa mkia, zinaweza kwenda mita nyingi. Na si kuvu ya aina moja. Kuna zinazooza majani makavu, kuna zinazoishi ndani ya majani mabichi bila kuyadhuru, kuna zinazotega minyoo midogo ya udongo kwa vitanzi kama mtego wa sungura. Wanasayansi wamezipa majina aina za kuvu kama 150,000 duniani kote, na makadirio yaliyotolewa mwaka 2017 yanasema zilizopo ni kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8. Nyingi ziko chini ya miguu yetu.

Zilizo muhimu zaidi kwa nyasi hazitoi hata uyoga. Hizi huingia ndani ya mzizi, zikajenga humo kitu kama kimti kidogo chenye matawi, na kwa nje zikatandaza nyuzi mbali kuliko mzizi wenyewe unavyoweza kufika. Zinaleta maji kidogo na fosforasi nyingi. Mmea unalipa kwa sukari na mafuta: kati ya asilimia 4 na 20 ya chakula chote unachotengeneza kwa jua kinashuka kwenda kwa kuvu. Mpango huu ni wa zamani kuliko mizizi yenyewe. Huko Scotland kuna visukuku vya mimea ya miaka kama milioni 400, mimea isiyo hata na mizizi ya kweli, na ndani yake kuvu za namna hii zimelala.

Jina la ushirika huu, mikoriza, lilitungwa mwaka 1885 na Mjerumani A. B. Frank kutoka maneno mawili ya Kigiriki, kuvu na mzizi. Frank alikuwa ameagizwa na serikali ya Prussia atafute namna ya kulima ule uyoga ghali wa chini ya ardhi unaopendwa na matajiri wa Ulaya. Hakufanikiwa kuulima. Akagundua badala yake kwamba miti ya msitu inakula kupitia kuvu. Wenzake wengi walimcheka. Kwao kuvu ilikuwa ugonjwa, basi. Nitalirudia hilo.

Kwa udongo wetu jambo la fosforasi si dogo. Udongo uliotokana na volkeno hushika fosforasi kama mchuuzi anavyoshika chenji. Ipo, ila haitoki. Tena Kinangop ni tambarare ya zaidi ya mita 2,400, baridi, na sehemu kubwa ina udongo mwepesi wa kijivu juu ya tabaka la mfinyanzi lisilopitisha maji. Mvua ikinyesha, maji yanatuama. Jua likiwaka, udongo unakuwa kama sementi. Nyasi iliyoishi hapo miaka yote haikuishi kwa mizizi yake peke yake.

Na hapa ndipo neno "isiyoguswa" linapotuchanganya. Tukisikia nyasi za milimani ambazo hazijavurugwa, tunafikiria mahali ambapo binadamu hakukanyaga. Juu kabisa kwenye Nyandarua, ndani ya mbuga iliyotengwa mwaka 1950, unaweza kusema hivyo na usikosee sana. Lakini kwenye tambarare, nyasi ziliguswa kila mwaka. Ng'ombe walizila, moto ulizichoma, kwato zilizikanyaga. Maisha yale ya chini yalikuwa yanaendeshwa na hayo. Kuna kuvu ndogo iitwayo Pilobolus ambayo haiwezi kuota vizuri mpaka mbegu zake zipite kwenye tumbo la mnyama anayekula majani. Inamea juu ya kinyesi, inainamisha kichwa kuelekea mwanga, halafu inarusha mbegu zake mpaka umbali wa mita mbili, zikanate kwenye jani safi ambalo ng'ombe hatakataa kulila. Ng'ombe wa Mmaasai alikuwa analima shamba la namna yake. Kitu kimoja tu hakikuwahi kupita pale: chuma.

Chuma kilipofika kilikuja na ngano. Lord Delamere aliipanda kule Njoro, mamia ya ekari, na kutu ya ngano ikaila. Kutu ni kuvu. Delamere akamwajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu zinazoweza kuhimili, na mwaka 1927 kituo cha serikali cha kuzalisha mbegu kikafunguliwa Njoro. Bado kipo, na leo mbegu za ngano kutoka nchi nyingi duniani hupimwa pale dhidi ya kutu. Mwaka 1922 kuvu nyingine ilionekana ikioza punje mbichi za kahawa, na maelezo yake ya kwanza kwa ulimwengu yaliandikwa kutoka Kenya mwaka 1926. Mwaka 1941 ukafika ule ugonjwa unaounguza majani ya waru, ambao wataalamu wa sasa wanasema si kuvu halisi bali jamaa wa mwani, ingawa kwa mkulima hilo halipunguzi hasara.

Kwa hiyo elimu ya kuvu Kenya ilizaliwa kama kazi ya polisi. Mwaka 1961 R. M. Nattrass, mtaalamu wa magonjwa ya mimea wa serikali ya kikoloni, alitoa orodha ya kuvu na bakteria wa Kenya. Ni kazi kubwa, na simbezi. Lakini mpangilio wake unasema mengi: imepangwa kwa mmea unaoshambuliwa. Unafungua kahawa, unaona washtakiwa wa kahawa. Unafungua ngano, vivyo hivyo. Kuvu isiyomshambulia mtu yeyote, ambayo kazi yake ni kulisha nyasi, ingeingia wapi kwenye orodha kama hiyo? Hata David Pegler wa Kew, aliyeuandikia uyoga wa Afrika Mashariki kitabu kizima mwaka 1977, alikiita kwenye jina lenyewe kazi ya awali tu.

Kinachonishangaza ni kwamba walowezi walijua, walipotaka kujua. Miti ya paini ilipoletwa Afrika Mashariki, miche ilidumaa na kugeuka manjano vitaluni. Haikuwa maji wala jua. Ilikosa kuvu zake, maana paini hutumia kuvu za aina nyingine ambazo udongo wetu haukuwa nazo. Dawa ilikuwa kuleta udongo kutoka chini ya paini zilizokwisha kushika mahali pengine, na kuuchanganya vitaluni. Yaani serikali ilikuwa tayari kusafirisha kuvu za mti wa mgeni. Za nyasi ya mwenyeji zilipinduliwa na plau bila mtu kuuliza.

Neno walilotumia lilikuwa kuboresha. Malisho yaliyoboreshwa: unapindua nyasi ya asili, unapanda nyasi iliyochaguliwa, unatia mbolea. Walifanya hivyohivyo kwao. Uingereza na Wales zilipoteza asilimia 97 ya nyasi zao za asili za nchi tambarare kati ya miaka ya 1930 na 1984, na siku hizi watu wa huko hupanda vilima vya Wales wakati wa majira ya majani kupukutika kuhesabu uyoga mdogo wenye rangi nyekundu, njano na kijani, unaong'aa kama uliopakwa nta. Wanauhesabu kwa sababu hauoti kwenye nyasi iliyolimwa au kutiwa mbolea nyingi. Ukiuona wa aina nyingi mahali pamoja, unajua plau halijapita pale kwa miongo mingi. Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza walilinganisha kuvu za mizizi katika msitu na zile za mashamba ya jirani. Mashambani kuvu hazikuwa zimekwisha, ila aina moja, ile inayovumilia kukatwakatwa na kuanza upya, ilikuwa imejaa karibu kila mahali. Plau haliui kila kitu. Linachagua wa kubaki.

Ningependa hadithi hii iishe kwa wazungu. Ingekuwa rahisi kuiandika, na magazeti yangeinunua. Lakini sehemu kubwa ya nyasi za Kinangop haikulimwa na wazungu. Walowezi wengi wa huku walifuga kondoo na ng'ombe kwenye mashamba makubwa, wakalima ngano na pareto kwa sehemu, na kwingine wakaacha nyasi kwa sababu ya maji yale yanayotuama. Waliolima ni sisi.

Kati ya 1962 na mwanzo wa miaka ya 1970, chini ya mpango wa Ekari Milioni Moja, familia zipatazo 35,000 zilipewa makazi kwenye yaliyokuwa mashamba ya wazungu. Guka na cucu walikuwa mmoja wao. Walifika Kinangop Kusini mwaka 1964, wametoka kwenye maisha ya kijiji cha dharura na kibarua, na wakapewa ekari 15. Kupewa ni neno la hotuba. Ilikuwa mkopo. Ardhi ambayo Wamaasai waliondolewa kwa karatasi, ambayo guka alikuwa amefanya kibarua kwa mzungu akiwa kijana, sasa serikali ilimnunulia kutoka kwa mzungu huyo na kumwandikia guka deni. Deni halilipwi kwa nyasi. Maafisa walikuja na hesabu: ekari kadhaa pareto, kadhaa waru, ng'ombe wa gredi wawili au watatu. Guka akalima. Majirani wakalima. Naomba ieleweke kwamba silaumu. Mtu aliyeishi miaka bila hata robo ekari ukimpa jembe na nyasi, unataka afanye nini, apige picha?

Walikutana na jambo ambalo wazee bado wanalisimulia: miaka ya kwanza ardhi ilitoa kama imerogwa. Waru kubwa kama kichwa cha mtoto, bila mbolea. Halafu ikapungua. Wao walisema ardhi imechoka. Nadhani walikuwa karibu sana na ukweli. Ukipindua nyasi ya karne nyingi, kila kitu kilichojengwa humo kinaoza kwa pamoja, mizizi, nyuzi, kinyesi cha vizazi vya ng'ombe, na chakula kilichokuwa kimefungwa kinaachiliwa. Miaka ile minono ilikuwa ni akiba inatumika. Ilipoisha, ikaja mbolea ya gunia. Na mmea ukipata fosforasi ya gunia kila msimu, hupunguza malipo kwa kuvu. Kwa nini ulipe mchukuzi na mzigo uko mlangoni? Halafu ikaja kabeji. Hapa kuna jambo ambalo nilifundishwa darasani nikalisahau, nikalikumbuka usiku baada ya simu ya baba: jamii ya kabeji, pamoja na sukuma wiki, haifanyi ushirika na hizi kuvu za mizizi kabisa. Waru hufanya, mahindi hufanya, maharagwe hufanya, kitunguu hufanya. Kabeji inafunga mlango. Shamba la kabeji msimu baada ya msimu, kwa zile kuvu, ni nyumba isiyopikwa.

Sitaki kutia chumvi. Kati ya mwaka 2002 na 2010 kulikuwa na mradi wa kimataifa wa kuchunguza viumbe wa udongo katika nchi saba, Kenya ikiwemo, na huku kwetu walichimba Embu na vilima vya Taita, msituni na mashambani. Mojawapo ya mambo waliyoyakuta Taita ni kwamba zile kuvu zinazotega minyoo zilionekana zaidi kwenye mashamba ya mboga na mahindi kuliko msituni, kwa sababu minyoo inayoshambulia mizizi ndiko ilikojaa. Udongo unaolimwa haufi. Unabadilisha wakazi, kama mtaa wa Nairobi unavyobadilika, wenyeji wa zamani wakahama kimyakimya na wapya wakaingia na biashara zao. Tofauti ni kwamba wa zamani walichukua karne kufika.

Kile kipande cha chini kiliokoka kwa sababu mbili. Kwanza, kina maji; trekta ya kwanza iliyojaribu, baba anasema, ilizama mpaka ekseli na kutolewa na fahali wa jirani. Pili, cucu alikuwa na kondoo. Wasidhani wasomaji kwamba cucu alikuwa mhifadhi wa mazingira. Alikuwa mwanamke aliyetaka pesa zake mwenyewe ambazo guka hazijui, na kondoo kumi na wawili walimpa. Guka alipofariki na shamba likagawanywa kwa wana wanne, kile kipande kikaangukia upande wa baba, na cucu akaendelea kuwafunga kondoo wake pale mpaka mwaka aliotuacha.

Kwenye nyasi zile kulikuwa na duara. Tukiwa watoto tuliliona kila mvua ndefu: mviringo wa nyasi za kijani kibichi kuliko nyingine, na kwenye ukingo wake uyoga mweupe umepangika kama watoto wa shule paredi. Cucu hakuula wala hakuturuhusu kuupiga mateke. Alisema tu, wachaneni nao. Miaka mingi baadaye nilielewa duara lile ni nini. Kuvu moja huanza kwenye nukta, ikala chakula cha hapo, ikasonga nje pande zote, mwaka baada ya mwaka. Katikati inakufa, ukingoni inaishi, na nyasi za ukingoni zinanenepa kwa chakula inachokiachilia. Huko Ulaya kuna maduara makubwa yanayokadiriwa kuwa na umri wa mamia ya miaka. La kwetu nililipima mwezi ule wa tatu, nilipokwenda kumjibu baba. Hatua zangu kumi na saba kutoka upande hadi upande. Sijui lilianza lini, na sitabuni. Ila lilikuwa dogo nilipokuwa mdogo, hilo nalikumbuka, maana tulikuwa tunaweza kushikana mikono watoto wanane tukalizunguka.

Jamaa wa waru alikuwa amefika pia. Kijana wa rika langu, kwa kweli, amesoma, ana pikipiki na simu yenye kioo kilichopasuka. Nilikuja nimejiandaa kumchukia. Akanieleza amekodi vipande sita mwaka huu, kwamba Shangi ikitoka vizuri mwezi wa saba atamaliza kulipa deni la mbegu, na kwamba anachopenda ardhi ambayo haijalimwa ni kuwa haina ule ugonjwa wa kunyausha waru. Alijua anachotafuta. Alikuwa anatafuta kilekile guka alichokuta mwaka 1964.

"Sasa daktari," baba akasema, tukiwa watatu tumesimama pale matopeni, "hii nyasi inalipa nini?"

Nilianza kueleza. Nikataja nyuzi, nikataja fosforasi, nikataja ndege wa manjano mwenye ukucha mrefu ambaye watu wa ndege wananunua vipande vya nyasi huku Kinangop ili asipotee. Nikataja hata 1904. Baba alisikiliza vizuri sana, ana adabu hiyo, halafu akasema, "Hizo zote ni kweli. Mimi nimekuuliza inalipa nini."

Yule kijana akaangalia chini. Akasema upande wa juu, ulio mkavu, ndio anautaka zaidi. Wa chini angehitaji kuchimba mtaro kwanza na mtaro ni pesa. Wakajadiliana. Wakapima kwa hatua. Nusu ya juu ikaenda kwa shilingi 10,000. Nilikuwepo trekta ilipokuja baada ya siku tatu. Niliokota bonge moja la udongo uliopinduliwa na kulivunja. Lilikuwa limeshonwa kwa mizizi na nyuzi nyeupe kiasi kwamba halikuvunjika, lilichanika, kama nguo. Harufu yake ni ile ya mvua ya kwanza. Duara likabaki upande wa pili wa mstari, umbali wa kama hatua tano.

Shilingi 8,000 zilizobaki nilimtumia baba mimi, kwa M-Pesa, baada ya kulipwa makala mbili zilizokuwa zimechelewa. Alijibu usiku huo.

"Nimepata, asante. Na za msimu ujao?"